Nani Ampime Mwanamichezo wa Shule?

Desemba 4, 2016, katika Uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, Ismail Khalfan wa kikosi cha vijana cha Mbao FC alifunga bao dhidi ya Mwadui, kisha muda mfupi baadaye akaanguka na kufariki dunia. Alikuwa na miaka 19. Msiba kama huo ukitokea, dai huwa ni lile lile: vijana wapimwe na bingwa wa moyo. Lakini mwanafunzi wa Ngumbo, kando ya Ziwa Nyasa, anayejiandaa kwa UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, akiambiwa amsubiri bingwa, hatapimwa na mtu yeyote.

Kwa maoni yangu, wa kumpima ni tabibu wa zahanati iliyo jirani na shule. Amesomea utabibu miaka mitatu, na magonjwa ya mwambao wa Ziwa Nyasa ndiyo kazi yake ya kila siku. Chukua bandama. Malaria ya mara kwa mara huifanya ivimbe na kushuka chini ya mbavu, na pigo moja la kiwiko uwanjani laweza kuipasua. Damu ikavujia tumboni bila mtu kuona jeraha. Kuigundua kunahitaji kitanda, mikono iliyozoea na dakika chache. Aulize pia kuhusu mkojo wenye damu, maana kichocho kipo ziwani, na aangalie upungufu wa damu. Moyo ausikilize mahali patulivu: maambukizi ya koo yasiyotibiwa huweza kuacha valvu zimeharibika, nazo mara nyingi hutoa mlio usio wa kawaida. Akiusikia, amwandikie rufaa ya kwenda hospitali, mathalani ya Mtakatifu Anna, Liuli.

Kipimo kikubwa kuliko vyote, hata hivyo, ni maswali, na mzazi lazima awepo. Mtoto amewahi kuzirai akikimbia? Ana kifafa, pumu au selimundu? Kuna ndugu aliyekufa ghafla kabla ya miaka 50? Hapo jibu laweza kuwa kwamba marehemu alirogwa. Tabibu asibishane, aandike umri wa marehemu na alikuwa akifanya nini alipoanguka.

Italia, tangu 1982, huwalazimu wanamichezo wa mashindano kupimwa pia umeme wa moyo. Ni jambo jema palipo na mashine na msomaji mzoefu. Lakini katika kipimo hicho mioyo ya wanamichezo wengi weusi wenye afya huchora mistari inayofanana na ya ugonjwa, na msomaji asiyelijua hilo atawafungia nje watoto wazima.

Muuguzi apime uzito, shinikizo la damu na macho. Mwalimu wa michezo asiguse fomu ya upimaji. Anataka kombe, na simlaumu. Daktari wa kambi ya mkoa naye hukutana na mtoto aliyekwisha kufunga begi, mzazi yuko mbali na timu inamsubiri. Katika hali hiyo kusema "hapana" ni vigumu mno. Ndiyo maana upimaji ufanyike wiki kadhaa kabla ya mashindano ya kata, na neno la tabibu lisitenguliwe na mkuu wa shule wala diwani.

Sahihi ya tabibu kwenye fomu nayo isichukuliwe kuwa ya mwaka mzima bila masharti. Aliyepimwa Aprili akaugua malaria Mei arudi zahanati, bandama iguswe upya, ndipo avae jezi.