Siku ya Kuzaliwa Mtoto Yatosha Nyumbani

Sisi Waislamu wa pwani, zamani mtoto tulimfanyia akika siku ya saba: mbuzi akachinjwa, nywele zikanyolewa na kupimwa, na fedha ya uzito huo ikatolewa sadaka. Keki na mishumaa ya kila mwaka ni mambo ya kuja. Si neno, furaha ni njema. Lakini kuna wazazi wanaokopa ili wakodi ukumbi, kisha deni wakalilipa kwa karo ya mtoto yuyo huyo! Ya nini? Pikeni mkate wa sinia na kaimati, mwiteni nyanya amsimulie mjukuu usiku aliozaliwa, na nani aliyemchagulia jina. Hayo mtoto hayapati ukumbini, na nyanya hatadumu milele.