Wageni wa Likizo na Dawa za Watoto Wetu

Mwezi uliopita mama mmoja alitusimamisha penye bomba la maji akauliza: "Mwalimu, bale bageni bakikuya na dawa, nimupe mutoto ao nikatae?" Alisema wale vijana wa makanisa ya ng'ambo wanaofika kambini wakati wa likizo zao, fulana za rangi moja, gitaa mkononi. Tulishindwa kumjibu pale pale. Leo tunajaribu.

Mwaka jana sisi walimu wawili tulimsindikiza mzazi kwenda Mbale. Kichwa cha mtoto wake kilikuwa kinakua kupita kiasi. Njiani tulilala Jinja, na vijana kama hao wamejaa pale: wanapaka shule rangi, wanafundisha nyimbo, jioni wanapanda mashua kwenye Nile. Hatuwasemi vibaya. Kuacha kwenu ukaja kubebea matofali watu usiowajua si jambo dogo.

Lakini Jinja kuna habari nyingine. Mwaka 2009 binti wa Marekani, Renee Bach, akiwa na miaka kama 20 tu, alianzisha huko shirika la Serving His Children. Alisema ameitwa na Mungu. Kituo chake cha Masese kilipokea watoto wenye utapiamlo mkali, naye hakuwa amesomea udaktari wala uuguzi. Kati ya 2010 na 2015 walipokelewa watoto 940, na 105 wakafa, kwa hesabu za shirika lenyewe. Mwaka 2015 wakubwa wa afya wa wilaya wakakifunga. Mwaka 2019 akina mama wawili, pamoja na Women's Probono Initiative, wakamshtaki. Walisema walimdhani daktari. Yeye alikana, akasema alikuwa anawasaidia wauguzi Waganda na watoto walifika hali zao mbaya sana. Mwaka 2020 walipatana, kila mama akalipwa kama dola 9,500, bila upande wake kukubali kosa.

Wengi wetu tunadhani mtoto wa njaa dawa yake ni chakula, basi. Sivyo. Mtoto aliyekonda sana, ukimpa chakula kingi ghafla, au dripu ya haraka, moyo wake unaweza kushindwa. Ndiyo maana kliniki wanaanza na maziwa ya F-75, kidogo kidogo, mchana na usiku, halafu ndipo wanapanda kwenye F-100 au Plumpy'Nut. Sasa hapo huruma peke yake itafanya nini?

Tukafika Mbale, chini ya Mlima Elgon. Hospitali ya watoto ya CURE nayo ni ya Wakristo wa ng'ambo, ilifunguliwa 2001. Benjamin Warf, Mmarekani, alihamia huko na familia yake akiwa tayari daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo. Aliona mipira inayowekwa kutoa maji kichwani inaziba, na mama wa kijijini hawezi kurudi haraka. Akatumia njia ya kutoboa pa kupitia maji humo humo ndani na kuunguza sehemu inayoyatengeneza, ili watoto wengi wasihitaji mpira. Akafundisha Waganda. Alipoondoka 2006, John Mugamba na wenzake wakaendelea. Mtoto wetu alipasuliwa na Mganda. Na muuguzi aliyetupokea alitaja jina lake kwanza, kabla hajamgusa mtoto.

Na sisi tujiseme. Tumemaliza sekondari tu, tukapewa chaki baada ya semina ya siku tano, watoto 90 darasa moja. Likizo iliyopita kijana mgeni alitaka kufundisha hesabu wiki mbili, tukamwachia darasa, tukakaa nje kivulini. Angalau tungekaa ndani tusikie anasema nini! Alipoondoka tulirudia sehemu zote upya.

Kwa hiyo mama, wageni wapokee, wape viti. Lakini akitoa dawa, sindano au dripu, muulize jina lake, leseni yake ya Uganda, na kama kliniki ya kambi inamjua. Daktari mgeni naye lazima asajiliwe na baraza la madaktari la Uganda, muuguzi vilevile na baraza lake. Kuuliza si utovu wa adabu. Lugha ikikushinda tuite, tuko shuleni mpaka saa tisa, Jumamosi mpaka saa sita.