Je, Wajua? Mantra ya Jua

Je, wajua kuwa mantra (maneno matakatifu) ya Gayatri, inayokaririwa alfajiri na Wahindu wengi, wakiwemo wa Afrika Mashariki, imo katika Rigveda, maandiko yenye umri wa takriban miaka 3,000? Ina mistari 3 ya silabi 8 kila mmoja, na humwelekea Savitar, mungu wa jua. Anayeirudia kwa kawaida huhesabu kwa tasbihi ya punje 108.

Singida, Tanzania, nako, Wanyaturu wa zamani walikuwa na desturi ya kulisifu jua.

Tukirudi kwenye mantra, tafakari iliyoenezwa na mwalimu wa Kihindi Maharishi Mahesh Yogi tangu miaka ya 1950 ina utaratibu mwepesi: dakika 20, mara mbili kwa siku. Ila mantra yake mwanafunzi hupewa faraghani. Gayatri ipo wazi kitabuni.