Meshi Nzuri Haiumi: Tulinde Nywele Zetu na za Binti Zetu



Kila mwaka, tarehe 8 Machi ikikaribia, wasusi wa Bunia hawapati nafasi ya kupumzika. Kitenge kimeshashonwa, viatu viko tayari, kinachobaki ni kichwa. Ni vilevile kabla ya Noeli, kabla ya ndoa na kabla ya watoto kurudi shuleni. Mama anakaa kwenye kiti saa tano au sita, anarudi nyumbani amependeza kweli. Lakini usiku hapati usingizi. Kichwa kinavuta, ngozi ya paji la uso imekazwa, anatafuta kidonge cha kutuliza maumivu. Binti yake aliyesukwa siku ileile analia, na watu wazima wanamwambia: "Vumilia, kesho utazoea."

Juma hili tunataka kuongea juu ya neno hilo, "vumilia". Meshi, ambayo wengine huita rasta, si kitu kibaya. Inapendeza, inapunguza kazi ya kuchana kila asubuhi, na inalisha familia nyingi katika mji wetu, kwa sababu kusuka ni kazi ambayo mama anaweza kuianza kwa kitana na mikono yake tu. Lakini maumivu si sehemu ya urembo. Maumivu ni kichwa kinachoomba msaada.

Kwa nini nywele za pembeni zinakimbia

Kila unywele umepandwa ndani ya ngozi, kama mche ndani ya udongo. Ukiuvuta mche kila siku, hautang'oka siku ya kwanza. Utalegea polepole, kisha mizizi itakufa. Msuko uliokazwa sana unafanya vivyo hivyo, na meshi ndefu na nzito inaongeza uzito. Nywele za mbele na za pembeni, karibu na masikio, ndizo laini kuliko zote. Ndizo zinazoanza kuondoka.

Jambo hili limechunguzwa Afrika Kusini. Profesa Nonhlanhla Khumalo, daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Cape Town, na wenzake walitazama vichwa vya watu wazima. Karibu wanawake 32 kati ya 100 walikuwa wamepoteza nywele kwa sababu ya kuvutwa. Kwa wanaume walikuwa wawili tu au watatu kati ya 100. Tofauti hiyo haitokani na damu wala na umri. Inatokana na namna tunavyotengeneza nywele.

Dalili za mwanzo ni rahisi kuziona ukijua pa kutazama. Vinatokea vipele vidogo kwenye mstari wa nywele. Ngozi inauma ukiigusa. Kunaonekana kitu cheupe kama ala ndogo kinachozunguka unywele karibu na mzizi. Baadaye nywele za pembeni zinakuwa nyembamba na fupi, na paji la uso linaonekana limeongezeka.

Habari njema ni kwamba mwanzoni nywele zinaweza kurudi. Ukiacha kukaza na ukaacha kichwa kipumzike miezi kadhaa, nywele huota tena. Lakini ukiendelea mwaka baada ya mwaka, vitundu ambavyo nywele hutokea vinafungwa kwa kovu. Ngozi inakuwa laini na inang'aa. Ikifika hapo, hakuna mafuta ya sokoni yatakayozirudisha, hata muuzaji akiapa.

Kichwa cha mtoto si kichwa cha mtu mzima

Mtoto hawezi kuchagua msusi wala kumwambia mtu mzima apunguze nguvu. Anakaa katikati ya magoti ya mama au shangazi, anashikwa kichwa, akilia anapigwa kidogo kwa kitana. Kwa hiyo kazi ya kumlinda ni yetu.

Mtoto mdogo hahitaji meshi. Nywele zake mwenyewe zinatosha kwa mistari mikubwa iliyolegea. Shule nyingi hazikubali meshi, na hilo linatusaidia pia. Kama kuna sherehe na unataka kumpendezesha, chagua meshi nyepesi na fupi, na isikae kwa muda mrefu. Usimfunge nywele kwa mpira wa kubana sana, na usimtie defrizan. Dawa hiyo inaweza kuchoma ngozi, na inafanya unywele uwe mwepesi kukatika.

Kabla ya kumsuka, mkague. Ukiona duara lisilo na nywele, lenye magamba au vidonda, usilifunike kwa msuko. Mara nyingi huo ni ugonjwa wa kuvu unaoambukiza kupitia vitana na vitambaa vya kichwa. Mafuta ya kupaka hayatoshi, kwa maana kuvu imeingia ndani ya unywele. Mtoto anahitaji vidonge ambavyo muuguzi atampimia kulingana na uzito wake. Mpeleke kituo cha afya, kisha ukague na ndugu zake wanaolala naye.

Kuchagua meshi sokoni

Kuongeza nywele si mambo yaliyoletwa na ndege. Kule Uele, ambako tulikuwa jimbo moja mpaka Ituri ilipokuwa jimbo lake mwaka 2015, wanawake wa Wamangbetu walijulikana duniani kwa mitindo yao. Nywele zilisukwa juu ya umbo lililofumwa kama kikapu, zikasimama nyuma ya kichwa kama taji. Wasafiri waliozipiga picha karne iliyopita walishangaa. Kwa hiyo tusione haya kupenda urembo. Tununue tu kwa akili.

Meshi nyingi tunazouziwa Bunia hupitia Uganda, kwa njia ya Ziwa Albert, Mahagi au Aru. Ziko za aina mbili. Za kwanza ni za plastiki, yaani nyuzi zilizotengenezwa kiwandani. Za pili ni nywele za binadamu, ambazo ni za bei kubwa. Jina "za Brazil" halimaanishi kwamba zilitoka Brazil. Nyingi zinatoka India na nchi nyingine za Asia, na jina hilo ni la biashara tu.

Ukitaka kujua kama muuzaji anasema kweli, omba nyuzi mbili tatu na uziguse kwa moto, nje na mbali na watoto. Nywele za binadamu zinaungua zikawa majivu, na harufu ni ya manyoya ya kuku yaliyochomwa. Plastiki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Usilipe bei ya nywele za binadamu kwa plastiki.

Kuna jambo lingine la kujua. Mwaka 2025, shirika la Marekani la kutetea wanunuzi, Consumer Reports, lilipima aina 10 za meshi ya plastiki. Zote 10 zilikutwa na kemikali zinazoweza kuleta kansa, na 9 zilikuwa na madini ya risasi, yale yanayowekwa ndani ya betri za gari. Hii haimaanishi kwamba kila aliyesuka ataugua. Inamaanisha tusizivae mwaka mzima bila kupumzika, tusiziache zichomwe ndani ya nyumba, na tusiwaache watoto watafune ncha zake.

Kama meshi mpya hukuletea mwasho, ioshe kabla ya kusuka. Weka maji ya vuguvugu ndani ya beseni, ongeza siki kidogo, loweka meshi bila kuivuruga. Utaona maji yanabadilika na utando mweupe unatoka. Suuza kwa maji safi, tundika kivulini ikauke. Kazi hiyo ifanye siku moja kabla ya kwenda kwa msusi.

Mbele ya msusi

Kwanza, nenda na nywele zilizooshwa, zilizokauka na zilizochanwa. Kama umetia defrizan, ngoja angalau majuma mawili. Defrizan na msuko wa kukaza siku moja ni mzigo mara mbili kwa unywele uleule.

Pili, chagua mistari ya wastani. Misuko midogo sana inashikilia nywele chache, na nywele chache hazibebi uzito mkubwa. Meshi inayofika kiunoni inapendeza kwenye picha, lakini shingo na mizizi ndiyo inayoibeba usiku na mchana.

Tatu, sema. Wasusi wengi hukaza kwa sababu wateja wanadhani msuko uliokazwa ndio unaodumu. Mwambie mapema, kwa heshima: "Dada, naomba usikaze pembeni. Ziache nywele ndogo za mbele." Ukisikia maumivu, usingoje mpaka mwisho. Mwambie aufungue mstari huo aanze tena. Ukifika nyumbani na huwezi kukunja uso, au vipele vimetokea, fungua. Ni afadhali kupoteza kazi ya siku moja kuliko kupoteza nywele za miaka yote.

Nanyi wasusi mnaosoma gazeti hili, mnajua siri hii: mteja ambaye hakuumia anarudi, tena anamleta dada yake. Osheni vitana kwa maji na sabuni kila baada ya kichwa kimoja. Anayekuja na vidonda, mshaurini atibiwe kwanza.

Kuhusu gundi ya kubandikia meshi au peruke, ipakwe juu ya kofia ya wavu, si juu ya ngozi. Gundi inang'oa nywele siku ya kuitoa. Peruke inayovuliwa usiku inakipa kichwa pumziko kuliko meshi ya kushonea.

Maji moto na moto wa makala

Ajali nyingine hutokea mwishoni, wakati wa kuchovya ncha ndani ya maji yanayochemka ili misuko ilale. Sufuria iwekwe chini, mahali imara, na watoto wawe mbali kabisa. Mwenye kusukwa akae wima, ncha tu ziingie, kisha zifutwe kwa taulo kabla hazijagusa mgongo. Mtoto asichovywe kamwe.

Plastiki inashika moto na kuyeyuka juu ya ngozi. Ukipika kwenye makala, au ukiwasha mshumaa umeme ukikatika, funga misuko nyuma na uvae kitambaa. Ikitokea ameungua, mwagia maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20, usipake mafuta wala dawa ya meno, nenda kituo cha afya.

Kuitunza na kuifungua

Usiku funga kichwa kwa kitambaa laini cha satini. Pamba inanyonya mafuta ya nywele. Osha ngozi ya kichwa kila juma moja au mawili: changanya shampoo kidogo na maji, pitisha kati ya mistari kwa vidole, suuza sana. Kisha ukauke kabisa kabla ya kulala au kufunga kilemba, maana unyevunyevu ndio unaoleta harufu na kuvu. Baadaye paka mafuta kidogo ya nazi au ya mbarika. Kidogo tu, kwa sababu mafuta mengi yanashika vumbi letu la kiangazi.

Usipitishe majuma sita mpaka nane. Baada ya hapo nywele mpya zimeota, msuko umeshuka na unavuta mahali pabaya. Siku ya kufungua, usiwe na haraka wala usikate kwa wembe karibu na nywele zako. Lainisha kwa maji na mafuta, fungua kwa vidole, anza kuchana kutoka kwenye ncha.

Utaona rundo la nywele na utashtuka. Usiogope. Kila mtu hupoteza nywele 50 mpaka 100 kwa siku. Zikifungwa ndani ya msuko kwa majuma sita, siku 42, ni nywele 2 100 mpaka 4 200 zinazotoka kwa pamoja. La kuogopesha ni nafasi tupu, si rundo. Kisha acha kichwa kipumzike majuma mawili mpaka manne. Kitambaa kizuri au mistari ya nywele zako mwenyewe haimpunguzii mama heshima, na pesa ya meshi ya mwezi huo inaweza kuingia katika likelemba.

Kazi ya kikundi juma hili

Tunawaomba wamama, mkikutana, mfanye mambo matatu:

1. Mkaguane pembeni mwa nywele, wawili wawili, bila kuchekana. Aliyeona dalili afungue msuko na apumzike. Ambaye ngozi yake imeanza kung'aa amwone mhudumu wa afya.
2. Kila mama akague vichwa vya watoto wote wa nyumba yake, pamoja na wale wa ndugu waliokimbilia kwake.
3. Mkubaliane na wasusi wa mtaa wenu juu ya neno moja. Mteja akisema "legeza", msusi alegeze bila kukasirika, na mteja alipe bei yote bila kulalamika.

Na binti yako akikuambia "mama, kinauma", usimjibu "vumilia". Legeza. Akikua atakuwa na nywele zake, na atakuwa amejifunza kwamba akisema anaumia, kuna mtu anayemsikia.