Habari za Gitaa la Nyuzi Nne na Ulinganisho Wake

Gitaa linalofahamika zaidi lina nyuzi sita. Hapa Majengo, Mpanda, kijana asiye na fedha hujiundia lake kwa debe la mafuta na ubao, akalitia nyuzi nne alizozifumua katika waya wa breki ya baiskeli.

Nchi za ng'ambo nazo zina magitaa ya nyuzi nne. Wareno wa Madeira walipofika Hawaii kwa merikebu Ravenscrag, mwaka 1879, walikuja na kigitaa chao kiitwacho machete, ndimo ilimotoka ukulele. Hiyo hulinganishwa So, Do, Mi, La. Wala msomaji asidhani kwamba So hiyo ya kwanza ni nene, maana iko juu ya Do na Mi. Cavaquinho ya Wareno nayo ni ya nyuzi nne. Lakini gitaa la tena la Marekani hupandishwa kwa hatua tano tano: Do, So, Re, La.

Nami, kwa kuyajua hayo vitabuni, nilimwamuru mwanafunzi wangu mmoja alinganishe debe lake kwa So, Do, Mi, La. Akatii. Uzi mmoja ukakatika, akaunga mwingine, kisha akakaa kimya asipige. Nilipomwuliza, akajibu kwa adabu, "Mwalimu, sasa limekuwa lako."

Hapo ndipo nilipotazama vema. Uzi wake wa nne haukubonyezwa kamwe. Kidole gumba kiliugonga tu, ukavuma sauti ile ile chini ya wimbo wote, na kidole cha shahada kikacheza juu yake. Wazee wa Unyamwezi wanaijua kazi hiyo katika zeze, lenye kibuyu kinachowekwa kifuani: uzi mmoja hubonyezwa, mwingine huachwa uvume. (Vidole hivyo viwili ndivyo alivyovitumia Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alizinasa nyimbo zake mwaka 1952, ingawa gitaa lake lilikuwa la nyuzi sita.) Nilipoupandisha uzi ule uwe So ya juu, niliung'oa msingi wa nyumba.

Kijana alilirudisha jioni ile. Hakutafuta Do ya kinanda. Aliimba kwanza mstari wa wimbo kwa sauti inayomfaa yeye, akaukaza uzi wa mvumo mpaka ukakubaliana na koo lake, kisha zile tatu zikaufuata. Mimi nilikaa kando na kalamu, nikiandika.