Chuo Hakifundishi Darasani Tu: Mafunzo ya Maisha kwa Vijana Wetu wa Goziba



Kijana wa kisiwani Goziba anapopata nafasi ya chuo, furaha huwa ya mwalo mzima. Kata hii ya Wilaya ya Muleba imezungukwa na Ziwa Victoria pande zote, na safari ya kwenda shule ya juu huanza kwa mtumbwi. Wazazi huuza dagaa, jumuiya huchanga, na ninyi wafadhili mnaongeza pale palipopungua. Kisha tunasubiri matokeo. Katika toleo hili tunapenda kueleza kwamba wengi wanaokwama chuoni hawakwami kwa kukosa akili. Wanakwama kwa sababu chuo kinamdai mtu mafunzo ya maisha ambayo hayamo katika mtaala. Tumeyaweka manne.

1. Fedha ya mkupuo

Wanafunzi wenye mkopo wa serikali hupewa fedha ya kujikimu kwa mafungu. Wao huiita "bumu". Mwaka wa masomo 2022/2023 kiwango kilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Fungu la siku 60 basi ni shilingi 600,000. Kijana ambaye hajawahi kushika kiasi hicho hujiona tajiri. Akitumia 300,000 wiki ya kwanza kwa simu na nguo, siku 53 zinazobaki ataziishi kwa shilingi 5,660 hivi kwa siku, nazo ni za chakula, nauli na kutoa nakala za masomo. Hapo ndipo madeni, vishawishi na aibu huanzia.

Hata hivyo, mtoto wa Goziba ana mwalimu nyumbani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka kazi hupungua au husimama. Familia inayojua maisha huweka akiba wakati wa giza ili ile wakati wa mbalamwezi. Bumu ni hivyo hivyo. Wazazi, mwambieni mwanenu kwa lugha hii, ataelewa kuliko hotuba ndefu.

2. Uhuru usio na kengele

Shule ya sekondari ina kengele, zamu na mwalimu wa nidhamu. Chuoni hakuna anayemwamsha mtu. Katika vyuo vingi alama 40 hivi kati ya 100 hutokana na mazoezi na majaribio ya katikati ya muhula. Anayezembea wiki za mwanzo hufika kwenye mtihani wa mwisho akiwa amekwisha kupoteza. Hupata "sapu", yaani mtihani wa marudio, na akizidi kushindwa hupata "disko", yaani kuondolewa chuoni. Kinga yake ni ratiba ya mtu mwenyewe, marafiki wanaosoma, na jumuiya ya sala itakayouliza, "Wiki iliyopita hukuonekana, kulikoni?"

3. Kusema mapema

Watoto wetu wamelelewa kuvumilia, nalo ni jambo jema. Lakini kuna uvumilivu unaoua. Kijana anaumwa, amekosa ada au amelemewa na somo, naye ananyamaza kwa kuwaogopa waliomchangia. Vyuo vina washauri wa wanafunzi. Mhadhiri anayeambiwa mwezi wa kwanza anaweza kusaidia, lakini anayeambiwa siku moja kabla ya mtihani hana la kufanya. Vivyo hivyo kwa kamati: tukimpokea kijana kwa karipio kila anapoleta shida, tunamfundisha kutuficha.

Wengine huficha hata kwao. Hawataki ijulikane kwamba ada yao imetokana na dagaa. Tunawaambia: mama aliyeanika dagaa juani amefanya kazi ya heshima. Mwacha asili ni mtumwa.

4. Elimu ni deni

Taifa letu liliwahi kujifunza jambo hili kwa uchungu. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana kupinga utaratibu wa kuwalazimu wasomi kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwafukuza zaidi ya 300, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi waliruhusiwa kurudi baadaye. Mwezi Machi 1967 Mwalimu akatoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Mtu anaweza kubishana kuhusu ukali wa adhabu ile, lakini swali lililoulizwa bado lipo: msomi anamdai nani, na anadaiwa na nani?

Leo deni hilo lina tarakimu pia. Mhitimu aliyekopeshwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021, na hiyo ni nafuu kubwa. Kijana aelewe tangu siku ya kwanza kwamba mkopo si zawadi. Aelewe pia kwamba mchango wa jumuiya haukatwi kwenye mshahara, bali hulipwa kwa kumshika mkono anayemfuata.

Kamati zifanye nini?

Kwanza, karatasi. Mwombaji wa mkopo huhitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na yatima huhitaji cheti cha kifo cha mzazi. Visiwani wapo akina baba waliokufa ziwani na kuzikwa bila cheti. Mtoto anafaulu kidato cha sita, dirisha la maombi linafunguliwa kwa miezi michache, naye hawezi kuthibitisha kwamba ni yatima. Tunaomba kila kamati ianze kufuatilia vyeti hivi mtoto akiwa kidato cha pili, si baada ya matokeo.

Pili, kila anayekwenda chuo akabidhiwe mlezi mmoja wa kumpigia simu angalau mara moja kwa mwezi, na kuuliza habari za maisha kabla ya habari za alama.

Tatu, walio likizo wapewe nafasi ya kuzungumza na wanafunzi wa sekondari. Mdogo husikia zaidi kwa aliyepita njia hiyo juzi.

Wafadhili wetu wapendwa, ada mnayotoa humfikisha kijana mlangoni mwa chuo. Malezi ndiyo yatakayomvusha hadi mwisho.