Mashine ya kulavisha gari: inaharibu rangi ao hapana?



Swali hili linarudi kila mara kati ya wale wenye kuanza kazi na kununua gari ya kwanza, na pia kati ya wale wanaotafuta biashara ya kufungua kisha masomo: ile mashine ambamo gari inaingia chafu na kutoka safi, bila mkono wa mtu, iko salama kwa rangi ao inaimaliza? Wengine wanakata shauri mbio: "Mashine? Hapana! Zile brosi zinakwaruza, mukono ndio muzuri." Wengine wanajibu kinyume: "Mukono ni mambo ya zamani, kule Ulaya watu wote wanapitisha gari ndani ya mashine."

Jibu la mkato ni hili. Mashine ya kisasa yenye kutunzwa vizuri inaacha mikwaruzo midogo sana, ambayo hauioni siku ya kwanza lakini inaongezeka pole pole. Mkono wenye ndoo moja na eponji moja kwa magari kumi unaweza kuharibu kuliko hiyo mashine. Na mkono wa mtu anayejua kazi yake unashinda zote mbili. Sasa tueleze juu ya nini iko hivyo, sababu mtu akielewa kitu gani kinakwaruza, hatadanganywa tena na mtu wa mashine wala na mtu wa ndoo.

Kwanza: rangi ya gari ni nini?

Watu wengi wanafikiri rangi ni kitu kimoja kilichopakwa juu ya chuma. Kumbe ni tabaka kadhaa. Chini kabisa, juu ya chuma, kuna tabaka la kuzuia kutu. Kiwandani wanazamisha bodi nzima ndani ya birika kubwa na kupitisha umeme kusudi dawa ishike kila mahali. Juu yake kuna tabaka la kusawazisha. Kisha inakuja rangi yenyewe, ile unayoitaja ukisema "gari yangu ni nyeusi". Na juu ya yote, kwa magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1980 na 1990, kuna verni: tabaka lisilo na rangi, lenye kung'aa, lenye kulinda rangi dhidi ya jua na mvua.

Ukiunganisha yote, unene wa rangi ya kiwandani ni mikroni 100 mpaka 150 hivi. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Verni peke yake ni mikroni 35 mpaka 50 hivi, maana yake ni nyembamba kuliko unywele mmoja wa kichwa chako, ambao mara nyingi unafika mikroni 70. Basi ile kitu inayolinda gari ya maelfu ya dola ni ngozi nyembamba kuliko unywele. Hapo ndipo swali letu linakuwa na uzito: kila mkwaruzo unakula katika ngozi hiyo, na hakuna namna ya kuirudisha bila kupaka upya.

Pili: haiko brosi inayokwaruza, ni mchanga

Hii ndiyo siri ya jambo lote. Uzi wa brosi ao kitambaa, kikiwa safi na kilowevu, hakina nguvu nyingi ya kukata verni. Kinachokata ni chembe za mchanga zilizo kati ya kitambaa na gari. Katika mchanga kuna madini yanayoitwa kwarzi. Kwenye kipimo cha ugumu ambacho Friedrich Mohs alikitunga mwaka 1812, kinachoanza 1 na kuishia 10, kwarzi iko kwenye 7. Inaweza kukwaruza kioo cha dirisha, inaweza kukwaruza kisu cha kawaida. Verni, ambayo ni aina ya plastiki, itaiweza wapi?

Sasa tuangalie kwetu. Mtu wa Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi anajua lile vumbi jekundu la wakati wa kiangazi, linaloingia mpaka ndani ya kabati. Wekundu wake unatoka kwenye madini ya chuma, na ndani yake kuna chembe ngumu za kutosha kukata verni. Mtu wa Goma naye anaishi juu ya mawe ya volkano. Nyiragongo ilimwaga lava mwaka 2002 na tena mwaka 2021, na vumbi la mawe yale yaliyosagwa na magurudumu ni kali kama karatasi ya msasa. Majivu ya volkano yenyewe yana vipande vidogo vidogo vya kioo cha asili. Ukipangusa majivu hayo kwa kitambaa kikavu asubuhi, "kidogo tu, gari ionekane", umeshapiga msasa kapoti yako.

Ndiyo maana unaona, ukisimama juani mbele ya gari nyeusi, zile duara nyembamba kama utando wa buibui kuzunguka mwangaza wa jua. Mikwaruzo yenyewe haikuchorwa kwa duara. Inaenda pande zote, lakini jicho linaona tu ile inayorudisha mwangaza kwake, na hiyo inaonekana kama duara. Gari nyeupe nayo iko nayo, ila inaficha.

Tatu: mashine yenyewe inafanya nini?

Wazo la kuosha magari kwa mpango wa kiwanda ni la zamani. Huko Detroit, Marekani, mwaka 1914 kulifunguliwa mahali ambapo wafanyakazi walisukuma gari kwa mikono toka hatua moja mpaka ingine: huku sabuni, kule maji, kule kukausha. Mwaka 1962, Wajerumani wawili wa Augsburg, Gebhard Weigele na Johann Sulzberger, waliandikisha breveti ya mashine yenye kuosha gari yenyewe kwa brosi za kuzunguka. Leo utazikuta za aina tatu.

Aina ya kwanza ni ile ya brosi za plastiki ngumu, nyuzi kama za fagio. Hiyo ndiyo iliyoharibu jina la mashine zote. Nyuzi zile zinapiga gari kwa nguvu, na zinashika mchanga wa gari iliyotangulia. Ukiikuta, pita mbali.

Aina ya pili inatumia vitambaa laini ao povu lisilofyonza maji. Povu hilo halimezi mchanga kama eponji ya nyumbani. Mchanga unateleza na kwenda na maji. Hiyo ni bora sana, kwa sharti mbili: gari imwagiwe maji mengi ya presha mbele brosi haijaigusa, na mwenye mashine asafishe vitambaa vyake na kuvibadilisha vikichakaa. Kumbuka pia kwamba mashine nyingi zinatumia tena maji yaleyale kisha kuyachuja. Chujio likiwa bovu, gari yako inaoshwa na matope ya jirani.

Aina ya tatu haigusi gari kabisa: ni maji ya presha na dawa tu. Mikwaruzo hapo hakuna. Lakini hakuna cha bure, wandugu. Kwa kuwa hakuna mkono wa kusugua, dawa inabidi iwe kali, na dawa kali inaondoa nta iliyopakwa kulinda verni. Tena mara nyingi inaacha ukungu mwembamba wa uchafu, ambao unaona ukipitisha kidole.

Kitu kimoja cha kufikiria: magari mengi tunayonunua huku yametoka Japani, ambako mashine za namna hii ziko kwenye vituo vingi vya mafuta. Yale yanayopitia Dar es Salaam mpaka kwetu huenda yamepita ndani ya mashine mara nyingi mbele ya kuuzwa. Na bado yanafika yakiwa na mng'ao. Hiyo inatuonyesha kwamba mashine nzuri haiui rangi. Inaichosha tu, kidogo kidogo.

Nne: na kijana wa ndoo?

Hapa tuseme ukweli bila kumdharau mtu, sababu kijana wa lavaji anatafuta chakula cha nyumbani kwa jasho lake. Shida yake haiko mkono, ni ndoo. Anatia eponji katika ndoo, anasugua gurudumu, anarudisha eponji katika maji yaleyale, kisha anapanda kwenye kapoti. Ule mchanga wa gurudumu sasa uko kwenye kapoti. Eponji inaushika ndani ya matundu yake na kuusugua kutoka mlango mpaka mlango. Kisha anakausha na kipande cha nguo ya zamani, chenye kifungo ao mshono mgumu. Gari ikitoka hapo inang'aa, juu ya maji na sabuni. Mikwaruzo utaiona ikisha kukauka.

Sabuni nayo ina neno lake. Sabuni ya unga ya kufulia nguo imetengenezwa kwa kuondoa mafuta. Ukiitumia kila juma inaondoa nta yote na kuacha verni uchi mbele ya jua. Haitachubua rangi leo, lakini inafupisha maisha yake. Na wale wanaopulizia mazutu chini ya gari "kusudi ing'ae": mazutu inavimbisha na kulainisha mipira iliyo chini ya gari, na tena inashika vumbi zaidi.

Mashine ya presha, ile ambayo watu wanaiita Kärcher hata kama ni ya kampuni ingine, ni msaada mkubwa kwa kuondoa mchanga mbele ya kugusa gari. Lakini isikaribie sana. Weka umbali wa sentimita 30 hivi. Kama rangi imepasuka mahali, maji ya presha yanaingia chini ya ufa na kuinua verni kama ganda la muhogo.

Tano: gari iliyopakwa rangi upya

Hii inatuhusu sana, sababu gari nyingi za kwetu zimepita kwenye garaji. Kiwandani rangi inapikwa ndani ya tanuru. Kwenye garaji nyingi fundi anapuliza kwa pistoleti na kuacha ikauke kwa hewa. Rangi hiyo inaonekana kavu siku ya pili, lakini ndani bado inatoa harufu na kuendelea kukomaa kwa majuma kadhaa. Mbele ya siku 30 usiipitishe kwenye mashine ya brosi, usiipakie nta, na usiiache mbele ya presha. Maji safi na kitambaa laini vinatosha. Na kama ukiona kwamba verni inachubuka pembeni, ao kuna kipande cha plastiki kinacholegea, mashine ya brosi si ya gari yako, hata iwe ya kisasa namna gani.

Sita: sasa tufanye nini?

Namna ya kufanya si ya gharama. Paki kivulini na uache kapoti ipoe, sababu maji yakikauka juani yanaacha madoa ya chokaa. Mwaga maji mengi kutoka juu mpaka chini kusudi mchanga ushuke wenyewe. Kisha tumia ndoo mbili: moja ya shampuu ya gari, moja ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa mbele ya kukirudisha kwenye sabuni. Osha kuanzia paa kuelekea chini, na magurudumu yawe ya mwisho, kwa kitambaa chake cha pembeni. Tumia kitambaa cha mikrofibra, siyo eponji. Kikianguka chini, usikirudishe kwenye gari. Kausha kwa kukandamiza polepole, siyo kwa kusugua. Nta mara mbili ao tatu kwa mwaka inatosha.

Na kama rangi imeshakuwa na utando wa buibui? Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha usiposhikwa, fundi anaweza kuuondoa kwa polishi. Ukishikwa, mkwaruzo ni mrefu kwenda chini na polishi haitauweza. Lakini ujue kwamba polishi inaondoa mkwaruzo kwa kupunguza verni yenyewe inayouzunguka. Kila mara mikroni kadhaa zinaenda. Anayekuambia "tutapiga polishi kila mwezi, itakuwa mupya" anakuuzia mwisho wa rangi yako.

Kwa wale wanaofikiri biashara: mashine inataka maji na umeme visivyokatika, vipuri, na fundi wa kuitunza. Vikikosekana, inakuwa ile mashine mbaya tuliyoitaja juu. Ndoo mbili, vitambaa 20 vya mikrofibra, mashine ndogo ya presha na vijana watatu waliofundishwa vizuri vinaweza kutoa kazi bora kuliko mashine, na makuta yanabaki katika mtaa. Mteja atakaeona gari yake nyeusi bila duara kisha mwaka mmoja atarudi, tena ataleta wenzake.

Basi mkienda kulavisha gari, mahali popote, msiulize kwanza kama ni mashine ao ni mkono. Angalieni maji yaliyo ndani ya ndoo, angalieni kitambaa, na ulizeni: mchanga unaenda wapi? Jibu la swali hilo litawaambia kama muache gari hapo ao muondoke.